Paka Asiyekula Akitazamwa

Paka wa mama yangu hakukubali kula akitazamwa. Ungemwekea kipande cha nyama, angekaa kando yake akitazama ukuta, kana kwamba nyama ile ni habari ya watu wengine, mpaka umpe mgongo. Hapo ndipo angekula. Mama alimwita muthoni, yaani mkwe, maana kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake hawali wakitazamana. Nimewahi kumwona mwanamume mzima, tena mwenye kofia na koti, akiingia kichakani na mbuzi wake kwa sababu mama mkwe anakuja njia ile ile. "Muthoni amekula?" mama aliuliza kila jioni, nasi tulicheka sote isipokuwa baba. Baba hakuona sababu ya paka kupewa cheo katika ukoo.

Mama alikufa kwa ugonjwa wa kifua mwezi wa nane. Mimi nilikuwa mwalimu huko Kilungu, nimeolewa huko, na shule zilipofungwa mwisho wa mwaka nilirudi Kathonzweni kukaa na baba. Vuli ilikuwa imetupa kisogo mwaka ule. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti, na pojo zilizokuwa ghalani ndizo tulizotegemea. Lakini ukame sio ulionitisha. Kilichonitisha ni ukimya wa nyumba ile.

Baba yangu alikuwa mnyapara wa kazi ya barabara kwa miaka mingi, na sauti yake ilizoea kushindana na tingatinga. Sasa alikuwa mzee wa kanisa, na hata kanisani walisema amekuwa bubu. Waliomtembelea aliwapa kiti, akawapa chai, akawaacha wazungumze wenyewe hadi wachoke. Mimi binti yake alinijibu kwa neno moja au mawili. Mtu pekee aliyesemeshwa katika boma lile alikuwa paka. Asubuhi ya kwanza nilimsikia baba nje, nikadhani amepata mgeni. "Hata wewe umechelewa kuamka," alikuwa anasema. "Panya wanakucheka."

Nilisimama nyuma ya mlango nikalia, halafu nikafurahi. Nikajiambia: nitakaporudi Kilungu, angalau ana wa kumgombeza.

Basi elewa jinsi nilivyoingiwa na hofu paka aliporudi nyumbani akiburuta mguu wa nyuma. Nadhani aling'atwa na mbwa wa sokoni. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini baada ya muda mguu ulivimba, ukawa moto, na paka akajikunyata chini ya kitanda cha mama akikataa kutoka. Baba alipiga magoti, akainama kumtazama. Alipoinuka alisema, "Hii pia inaenda."

Nami nilikasirika, si naye, nilikasirikia dunia nzima. Nikavaa viatu nikaenda kumtafuta daktari wa ng'ombe.

Nilimkuta joshoni, akichanja ng'ombe. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

"Mwalimu, watu wanalia ng'ombe zao zinakufa kwa njaa, na wewe unaniletea story ya paka?"

"Ndiyo, ya paka," nilisema. "Na sitoki hapa."

Alinitazama, akaona labda nguo yangu nyeusi, akaacha kucheka. Alifungua sanduku kwenye pikipiki yake akanipa vidonge vyeupe vilivyofungwa kwa karatasi. "Unakata robo. Robo asubuhi, robo jioni, mpaka ziishe. Usiwache katikati, hata ukiona imepata nafuu. Ukiacha, hiyo usaha itarudi na hiyo paka itakufa. Na ni chungu hiyo dawa. Ujipange."

Nilidhani nimejipanga. Mtu anayefundisha darasa la kwanza kushika kalamu atashindwa na paka? Nilisaga robo nikaitia kwenye maziwa. Paka alinusa, akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akarudi chini ya kitanda. Niliificha ndani ya ugali, hakuugusa. Nilikwenda buchani nikaomba pafu la mbuzi, ambalo mwenye bucha hutupia mbwa, nikalichemsha na kuficha dawa ndani ya kipande. Pafu likaliwa. Robo ya kidonge tukaikuta sakafuni, safi, imelambwa.

Baba naye alileta ujuzi wake wa unyapara. Alimfunga paka ndani ya gunia, kichwa tu kikiwa nje, akaniambia nimfungue kinywa. Nilimfungua. Paka alikuwa mgonjwa, ila kucha zake hazikuwa na ugonjwa wowote. Gunia lilitoboka, mkono wa baba ukatoka damu, na dawa ikaruka hadi kwenye jivu. Tulibaki tumekaa chini mimi na baba, tukihema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona anataka kucheka. Hakucheka, lakini alitaka.

"Mwaitu," akaniita. Kwetu baba humwita binti yake hivyo, mama yangu, kwa kuwa binti hubeba jina la mama yake baba. "Mama yenu alikuwa anapea hii kitu nini wakati anataka ikuje?"

Sote wawili tulijua. Alikuwa anampa kumbikumbi.

Mvua za masika zilipoanguka, mama alikuwa amewakusanya kumbikumbi kwenye kichuguu nyuma ya zizi, akawapukuchua mabawa, akawakaanga kwa chumvi, akawaanika na kuwaweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Ilikuwa kazi ya mwisho aliyoifanya akiwa mzima. Mkebe ule ulikuwa bado juu ya kabati, na tangu afe hakuna aliyeufungua. Wageni walipewa chai na mandazi ya kununua, na mkebe ukabaki pale pale. Na kwa vile vuli haikunyesha, hapakuwa na kumbikumbi wengine popote.

Baba alisimama mbele ya kabati. Nilitaka kumwambia aache, tutafute ini, tutafute chochote. Lakini aliushusha, akaufungua kwa kisu, na harufu yake ikajaa chumba. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama, ya moshi na chumvi. Baba aligeuza uso. Mimi nililia waziwazi, sikuwa na haja ya kujificha.

Tulitwanga kumbikumbi wachache, tukawachanganya na samli kidogo, tukaviringa tonge dogo lenye robo ya kidonge katikati. Tukaliweka sakafuni. Paka alitoa kichwa. Alinusa. Akatoka, akiburuta ule mguu, akafika kwenye tonge, akakaa. Akatazama ukuta.

"Tumpe mgongo, baba," nilisema.

"Nikipea mgongo nitajuaje imemeza?"

"Hutajua."

"Sasa hiyo ni kazi gani?"

"Baba, huyu ni mkwe. Hali mbele yako. Wewe ulikula mbele ya nyanya, mama yake mama?"

Hoja hiyo ilimshinda, maana baba yangu aliheshimu mila hiyo hadi siku nyanya alipozikwa. Alinung'unika, akageuka. Tulikaa mimi na yeye tukitazama mlangoni kama watu wanaongoja mvua. Nyuma yetu tukasikia ulimi, halafu meno, halafu kimya. Tulipogeuka, sakafu ilikuwa tupu. Baba alichukua tochi akamulika chini ya kitanda, chini ya kabati, hata ndani ya kiatu chake. Hakukuwa na kidonge.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi na jioni tulitwanga, tukaviringa, tukampa mgongo. Na katika dakika zile za kutazama mlango baba alianza kuzungumza. Aliniambia jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza akiteka maji mtoni kwenye shimo la mchanga, akamwomba maji, akanyimwa. Aliniambia habari za kambi za barabara, na mnyapara mwenzake aliyelala akaamka tingatinga limeondoka. Mama mmoja wa kanisa alipopita na kusikia sauti yake, alisimama nje akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Nami nikaamini. Nikaona paka atapona, baba atapona, na mimi nitarudi Kilungu bila jiwe hili kifuani.

Mguu ulinywea. Paka akaanza kulala nje juani, kisha akaanza kupanda ghala. Kumbikumbi wakapungua mkebeni hadi nikawa nakwangua pembeni kwa kijiko, na vidonge navyo vikakaribia kwisha. Vilikwisha pamoja, karibu siku moja, na sikuliona hilo kuwa jambo.

Kesho yake asubuhi paka alileta panya mnene akamweka mlangoni. Nilimwita baba kwa furaha. Alitoka, akamtazama panya, akamtazama paka akijilamba ule mguu uliokuwa wa kufa.

"Amepona kabisa," nilisema.

Baba alikaa kwenye kigoda.

"Mama yenu nilimsimamia," alisema. "Kila kidonge. Nilikuwa namwambia, fungua mdomo nione. Anafungua. Inua ulimi. Anainua. Hakutupa hata moja, mwaitu. Hata ile ilikuwa inamtapisha, alikuwa anarudia." Alionyesha paka kwa kidevu. "Na hii tumeipea mgongo tu."

Nilijua mama alikuwa na dawa, lakini sikujua habari ya ulimi. Nilimwona mama yangu, mtu mzima aliyezaa na kulea, akifungua kinywa kama mtoto ili mumewe asiwe na wasiwasi.

"Ukienda Kilungu," baba alisema, "enda nayo."

"Baba, nani atabaki na wewe?"

"Enda nayo."

"Ndiye unayezungumza naye. Nimesikia. Usinifiche."

"Ilikuwa mgonjwa," alisema. "Tulikuwa wagonjwa wote. Sasa kila nikiona hii paka, naona ati dawa inafanyanga kazi."

Nilibishana naye, siku ile na siku zilizofuata. Nilimtuma mchungaji, naye alirudi akitikisa kichwa. Nilimwambia kuhusu panya na pojo, nikamwambia paka akiondoka panya hutawala. Alisema panya nao wale. Hakuwa na hasira. Aliendelea kumwekea paka maji, ila alimzunguka uani kama mtu anayekwepa mdai, na akarudia yale majibu yake ya neno moja.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilimtia paka ndani ya kiondo nikafunga juu kwa leso. Nilikuwa nimehangaika kumponya ili baba asibaki peke yake. Alitusindikiza hadi kwenye ua wa minyaa, akanishika mkono, akaniambia nisalimie mume wangu na watoto. Kiondo hakukitazama.

Nilikuwa sijafika njia kubwa niliposikia komeo la mlango wa baba likifungwa. Ilikuwa asubuhi, na kwetu mtu hafungi mlango asubuhi akiwa nyumbani.