Mama Alipopika Dengu

Juzi, hapa mtaani kwetu Section 58, jirani yangu anayetibiwa kansa kwa mionzi alilegeza skafu, nikaona ngozi ya shingo yake imekuwa nyeusi. Nikakumbuka mchana ambao mama yangu alirudi kutoka Bombay, alikopelekwa kwa sababu hapa kwetu tiba hiyo haikuwapo.

Baba alimleta kutoka stesheni. Alinuka dawa na moshi wa treni. Alipovua mtandio, shingoni palikuwa na alama nyeusi ya mraba. Nilidhani kuna mtu aliyembandika pasi ya moto, nikaogopa kuuliza alikosa nini.

Hakupumzika. Aliingia jikoni akapika dengu, bizari ya jira ikalia kwenye mafuta, nyumba nzima ikanukia. Alionja, akaongeza chumvi. Akaonja tena, akaongeza.

Tonge la kwanza lilinichoma ulimi.

"Mama, chumvi imezidi!"

"Kula," baba alisema bila kuniangalia. Alimaliza sahani yake, akanywa gilasi tatu za maji.

Niliamini mama anatuadhibu. Sikujua kwamba mionzi iliyoua uvimbe ilikuwa imemkausha mate na kumwondolea ladha ya kila kitu.

Mama aliziangalia zile gilasi tupu. Hakulia. Kesho yake aliniita jikoni.

"Kuanzia leo utakuwa unaonja wewe," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Uniambie ukweli."

Nilimwonjea mpaka nilipoolewa. Uvimbe haukurudi. Ladha nayo haikurudi.