Niliitwa Dar Kuonja Pombe

Krismasi ile kaka yangu aliniambia neno ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia tangu niachike: kwamba nimechoka. Tulikuwa jikoni nyumbani, Kilimanjaro. Mie nilikuwa nakoroga ndizi kwenye sufuria kubwa, zimeshaanza kuiva na kubadilika kuwa nyekundu, naye amekaa kwenye kigoda anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, niliyoipika juzi yake. Akasema niende Dar, nikae kwake Kipawa mwezi mzima, nipumzike. Na kwa kuwa anajua ninavyoipenda kazi yangu, atanitembeza kwenye vilabu vya pombe za kienyeji nione wenzangu wa mjini wanapikaje.

"Panga wewe unakotaka kwenda," aliniambia. "Mimi nitakupeleka."

Nilikuwa nimerudi nyumbani miaka michache kabla, bila mtoto, baada ya mume wangu kuoa mwingine. Baba alishafariki. Tulikuwa tunakaa watatu, mama, mie na mdogo wetu wa mwisho, kwenye shamba la migomba la baba. Mama ndiye aliyenifundisha kupika mbege, na mikono yake ilipoanza kuchoka nikaishika kazi ile mwenyewe. Siku za soko watu walivuka korongo kuja kunywa kwetu. Wengine walisifiwa kwa waume na watoto. Mie nilisifiwa kwa mbege, na niliridhika.

Kwa hiyo safari ile niliipanga kwa moyo wote. Kila aliyerudi kutoka Dar kula sikukuu nilimwuliza anakunywa wapi, na kwa nini hapo na si pengine. Walibishana sana, na katika kubishana kwao nikapata njia yangu. Nitaanza Keko, kwa mafundi seremala, kwa sababu wengi ni wa kwetu na hawawezi kudanganywa. Halafu Temeke, nikaone komoni inavyopikwa kwa unga wa mahindi, kitu ambacho nilikuwa nimekisikia tu. Halafu Kunduchi, nikamwone mgema akishusha tembo la mnazi. Mwisho Kipawa kwenyewe, karibu na kaka, siku ya kupumzika. Kila mahali nilikuwa na swali langu. Maji ya Dar yana chumvi, je, hayaharibu? Joto lile, mbege inafika jioni bila kugeuka siki? Gome la msesewe la kutia uchungu wanalipata wapi? Mama alikuwa ananisikiliza nikiyarudia hayo tukimenya ndizi, na mara moja akaniambia nisisahau kuuliza kuhusu ulezi.

Nilipofika Dar, kaka alinipokea stendi amevaa shati jipya la mtumba. Alikuwa karani wa shirika moja la umma mpaka walipopunguza watu, na tangu hapo akawa mtu wa ndizi. Malori yakishuka kutoka kwetu, yeye ananunua mikungu na kuipeleka kwa wapishi wa mbege. Siku zile kila mtu alikuwa anauza kitu. Bia za makopo kutoka nje zilipangwa dirishani kwenye viduka, lakini wenye kuzinunua walikuwa wachache, na vilabu vya kienyeji vilijaa kuliko zamani. Kaka alisema biashara yake ni nzuri, ila wateja hawatulii, leo wananunua kwake, kesho kwa mwingine. Mke wake alinipikia wali kwa nazi na samaki. Nililala vizuri.

Asubuhi ya pili nilivaa viatu tayari kwa Keko. Kaka akasema tupitie kwanza Temeke, kuna mama mmoja mteja wake, tumsalimie. Sikuona ubaya.

Kilabu cha mama yule kilikuwa banda la bati lenye mabenchi pembeni na mapipa mawili nyuma. Alikuwa mjane wa kwetu, wa upande wa pili wa mlima, mama mwenye mwili na kicheko cha karibu. Nilimwamkia, akanishika mkono, hakuuachia mpaka nimekaa. Alinichotea mbege yake. Haikuwa nzuri. Ulezi haukuwa umeota sawasawa, na uchachu ulikuwa umeingia mapema. Nilinyamaza kwa adabu, lakini kaka akasema, "Mwambie ukweli, dada. Ndicho ulichokuja kufanya." Nikamwambia, kwa upole. Hakukasirika. Aliniuliza kila kitu: naloweka ulezi muda gani, naufunika na nini, nasaga mwenyewe au napeleka mashine. Mimi niliyekuja na maswali niliondoka bila kuuliza hata moja, na njiani nilijisikia mtu mkubwa.

Keko tulikwenda kesho yake, lakini kaka alikuwa na haraka. Wapishi walikuwa wameondoka kwenda kununua ndizi, tukakuta mbege tu na mwuzaji asiyejua ilivyopikwa. Nilisema tungoje. Kaka akasema tutarudi. Tulipokuwa tunatoka, tukipita kwenye vitanda na makabati yaliyoanikwa kando ya barabara, akasimama kwa fundi mmoja akaniuliza ningependa kitanda cha namna gani, chenye maua yaliyochongwa kichwani au cha kawaida. Nilidhani anatafuta cha wageni wake. Nikagusa mbao, nikamwambia cha kawaida, cha maua kinakusanya vumbi.

Siku iliyofuata tukarudi Temeke, kwa yule mama wa mbege. Komoni sikuiona. Mama alikuwa ameshanunua ulezi mpya, akaniomba nimwoneshe. Nani angekataa? Nikauloweka, nikauchuja, nikautandaza juu ya majani ya mgomba na kuufunika gunia. Kwa kuwa joto la Dar linaotesha haraka ilibidi niwe naenda kila siku kuuangalia. Wiki ikaisha hivyo. Nikimkumbusha kaka habari ya Kunduchi, leo mvua, kesho lori linashuka, keshokutwa tutaona. Sikumsukuma. Ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha pale. Nilichemsha ndizi kwenye pipa lake kwa kuni za vipande vya mbao walivyokuwa wanaletewa kutoka kwa maseremala, nikazionja siku hadi siku zilipokuwa zinachachuka, nikachanganya na uji wa ulezi. Siku ilipoiva, wateja walikunywa kimya kwanza, halafu mzee mmoja akauliza imetoka wapi mbege hii. Kaka alisimama akasema, "Dada yangu huyo," na macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilimpenda sana saa ile.

Mchana huo huo mama yule akaniita nyuma. Kulikuwa na chumba ambacho siku zote nilikiona kimefungwa. Akafungua. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, harufu yake ilikuwa bado ipo, na chini ya dirisha kulikuwa na kitanda kipya cha mbao, cha kawaida, bila maua.

"Godoro linakuja kesho," alisema. "Kitanda ulichagua mwenyewe, kaka yako aliniambia. Nimekuwekea upande wa dirisha."

Nikamwuliza kitanda cha nani.

Akakaa taratibu ukingoni mwa kitanda kile. "Mwanangu," akasema, "kwani hawajakwambia?"

Ndipo akanieleza. Kaka alikuwa amekuja kwake tangu kabla ya Krismasi, akamwambia ana dada aliyeachika, mpishi hodari, anatamani kuhamia mjini. Wakakubaliana nitakaa pale na kupika, na yeye mama atanunua ndizi kwa kaka peke yake, si kwa mwingine. Ziara zangu zote alidhani nakuja kupaangalia, kama napapenda. Kila alipomwuliza kaka jibu langu, aliambiwa nimeshakubali, ila ni mtu wa aibu, nisiulizwe mbele za watu. Mama yule aliona haya kuliko mimi. Alirudia kusema kwamba hakujua. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini.

Nilitoka nikamkuta kaka kwenye benchi katikati ya wateja, wanamsifu. Nikamwambia twende nyumbani. Akaniangalia mara moja tu, akajua. Njiani akaanza yeye. Alisema ni kazi nzuri. Alisema yule mama ni mtu wa heshima, wa kwetu, hatanionea. Alisema mjini ningeweza hata kupata mtu wa kunioa. Nilimwuliza kwa nini hakuniuliza tangu mwanzo.

"Ungekataa."

"Basi ningekataa," nikasema. "Ilikuwa haki yangu kukataa."

Akasimama kivulini mwa duka moja, akafuta jasho. Aliongea akiangalia barabara. Alisema mdogo wetu anaoa baada ya Pasaka. Nyumba ni yake, shamba ni lake, ndivyo desturi ilivyo, na msichana hawezi kuingia kwenye nyumba ambayo jiko lina mwenyewe. Wazazi wa binti walishauliza, wifi mtu yule atakaa wapi.

"Na mama?" nikamwuliza.

"Mama anajua," alisema. "Mama ndiye aliyesema tusikwambie, utaumia. Alisema mpelekeni akatembee kwanza, ataizoea kazi."

Sikulia pale. Kitu kilichoniuma si habari ya nyumba. Nilikuwa najua desturi ya kwetu, na najua mtoto wa mwisho anarithi nini. Kilichoniuma ni ile mipango yangu. Jinsi nilivyokaa nikipanga Keko kwanza, Temeke pili, nikiuliza watu, nikicheka peke yangu, na wao wakinitazama wakijua. Walitafuta kitu ninachokipenda kuliko vyote, wakanifunga nacho kamba shingoni, na mie nikaivuta mwenyewe. Hata ile mbege ya Temeke, niliyoifurahia, ilikuwa ni mtihani, na niliufaulu kwa ajili ya wengine.

Nyumbani kwa kaka, wifi yangu aliniwekea chai bila kuniangalia. Nikaelewa kwamba naye alijua. Kesho yake nikapanda basi kurudi Kilimanjaro.

Nilimkuta mama anasiriba ukuta wa jiko kwa udongo, wamelipanua upande mmoja. Mikono yake imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Aliponiona hakushangaa sana, nadhani alikuwa ameshaanza kuniogopa tangu nilipoondoka. Nikamwamkia. Nikaweka mzigo wangu chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, kuanzia Chalinze mpaka Mombo na kuendelea, na yote yakanipotea.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia usingekwenda."

"Ungeniambia ningekwenda," nikasema. "Ungeniambia mwanangu, mdogo wako anaoa, tafuta mahali, ningekwenda. Ningejitafutia."

Alisugua mikono yake, udongo ukaanguka vipande vipande. "Sikuweza kukutazama usoni nikakuambia utoke," alisema. "Kaka yako alisema kuna njia nyingine. Nikaona ni afadhali."

Hakuniomba msamaha, na sidhani aliona kuna cha kuombea. Kwake yeye alikuwa amenihurumia. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulibeba, kwamba waliniuza kwa huruma, na kila mmoja wao alilala usingizi.

Nilikaa mpaka harusi. Nani mwingine angepika? Niliipika mbege ya harusi ya mdogo wangu peke yangu, mapipa kwa mapipa, na wageni walikunywa wakaimba. Yeye mdogo wangu alikuja jikoni siku ile, suti yake imembana mabegani, akasema, "Dada, mie niliambiwa wewe mwenyewe ndiye uliyetaka kwenda." Sikujua kama ni kweli au naye alishafundishwa kusema hivyo. Nilimwambia asimwache bi harusi peke yake.

Baada ya hapo niliondoka. Sikurudi kwa yule mama wa Temeke, ingawa aliniletea salamu mara mbili kwamba chumba bado kipo na safari hii nije kwa kupenda kwangu. Hakuwa na kosa. Lakini kila ndizi iliyoingia pale ingekuwa imepitia mkononi kwa kaka, na sikutaka kumpikia yeye. Nilikwenda Keko, nikapanga chumba nyuma ya karakana moja, nikaomba kazi kwa wapishi wawili mume na mke ambao sikuwahi kuwasikia kabla. Walinijaribu kwa kunipa ulezi mbovu waone kama nitaukubali. Niliukataa. Wakanichukua. Miaka iliyofuata nikawa na pipa langu, halafu banda langu.

Kaka alikuwa anakuja mara moja moja. Namwamkia shikamoo, kwa sababu ni mkubwa wangu. Namwuliza hali ya watoto, namchotea anywe. Alishawahi kutaka kuniletea ndizi kwa bei ya ndugu, nikamwambia nina mtu wangu. Hakurudia tena. Wateja wangu walikuwa wanaona tunaongea vizuri na wakanisifu kwamba tuna umoja.

Mama alikuja Dar mara moja, kutibiwa macho. Alifikia kwa kaka, lakini siku mbili za mwisho aliomba alale kwangu. Nilimpa kitanda, nikatandika mkeka chini. Aliniuliza kama nalala vizuri mahali hapa penye kelele za misumeno. Nikasema nalala. Siku ya kuondoka, akiwa ameshajifunga kanga yake ya safari, akaniuliza kama Krismasi nitakwenda nyumbani. Nikamwambia tutaona.

Mwaka ule sikwenda. Uliofuata nilikwenda, nikalala kwa shangazi.