Plagi Niliyoiacha Ukutani

Nakumbuka Jumamosi moja huko mtaa wa Overport, mwanangu, nilipomwachia mzee wa watu abebe kosa langu. Nakusimulia wewe kwa sababu umeanza kazi hii ya kuchanganya maji ya chumvi kwa ajili ya matangi ya samaki majumbani, na juzi nilikuona unaingiza mkono ndani ya pipa bila kuchomoa kitu. Nilinyamaza. Leo sinyamazi, hata kama aibu ni yangu.

Nilikuwa kijana kutoka Tanga, mwenye maneno mengi na shati moja zuri. Aliyenifundisha kazi ni Papa Selestini, Mkongomani aliyeishi mtaa wa Point, mtu mzima mwenye subira ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Tulikuwa tunapanda teksi, zile daladala za kule, na ndoo zetu, abiria wanatununia, tunakwenda nyumba kwa nyumba. Kazi yenyewe unaijua: maji safi ndani ya pipa la plastiki, hita ya kioo iyatie joto la kuwafaa samaki, pampu iyazungushe, chumvi kidogo kidogo huku unapima. Papa alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikanichosha.

"Kama courant inakatika, toa prise yote kwa ukuta," alisema. "Yote! Courant ikirudia, haikuulize kama uko tayari."

Prise kwake ilikuwa plagi, na courant ni umeme. Mimi naitikia, "Ndiyo, Papa," huku moyoni nacheka. Niliona ni woga wa uzee tu.

Siku hiyo tulikuwa kwa mjane mmoja, Auntie Shirin. Tangi lake la samaki aliachiwa na marehemu mumewe, na kila asubuhi alikunywa chai mbele yake. Papa alichomeka hita kwa mkono wake, akaenda dukani kutafuta chumvi ya pipa la pili. Auntie alikuwa bustanini nyuma ya nyumba. Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Maji yalikuwa yameshakuwa tayari, kwa hiyo nikayachota kwa ndoo na kuyamimina kwenye tangi, mpaka pipa likabaki na maji ya kufunika kidole. Hita ikawa inaning'inia kavu, plagi bado iko ukutani. Halafu nikatoka barazani kupiga soga na dada wa kazi wa nyumba ya jirani. Usinitazame hivyo. Ndiyo, nilikuwa natongoza.

Umeme uliporudi niliujua, maana redio ya jirani ililia. Sikujali. Kilichonitoa pale ni harufu ya plastiki inayoungua. Nilipokimbia ndani nikakuta hita imekuwa nyekundu na ubavu wa pipa unaanza kuyeyuka. Unajua nilifanya nini? Nilinyakua ndoo ya maji baridi nikaimwagia, kama mtu anayezima mkaa! Ikapasuka kwa kishindo, vioo vikaruka mpaka dirishani, na umeme wa nyumba nzima ukazimika. Kama usingezimika, leo usingekuwa na mtu wa kukuchosha kwa hadithi.

Auntie akaja mbio kutoka bustanini. Papa naye akaingia, mfuko wa chumvi begani.

"Iko mutu aliumia?" aliuliza kwanza.

Nikasema hakuna. Akatazama pipa, akatazama plagi ukutani, akashika paji la uso.

"Prise hii ni miye niliitia. Courant ilikatika mbele niende, na miye nilisahau kuitoa?"

Hapo ndipo, mwanangu. Umeme ulikatika akiwa ameshaondoka, angesahau vipi? Lakini saa ulipokatika niliijua mimi peke yangu. Nikainama nikasema, "Labda, Papa."

Auntie Shirin alimwambia kwa Kiingereza cha upole kwamba yeye, "Uncle" kama alivyomwita, amechoka, sasa apumzike, na asirudi tena na vyombo vile nyumbani kwake. Papa akaomba radhi. Akapiga magoti kuokota vioo, mimi nikamshikia mfuko wa taka. Mpaka leo nikikumbuka mfuko ule uso unaniwaka.

Toka siku hiyo akawa anakagua plagi mara tatu, mara nne. Siku moja teksi imesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akaomba ashuke, akarudi kwa miguu kwa mteja kwenda kuangalia plagi ambayo mimi nilimwona akiichomoa. Nilibaki na ndoo, nimefumba mdomo, naogopa atanifukuza. Miezi michache baadaye akaacha kazi kabisa. Akanipa pampu zake na kipimo chake cha chumvi.

"Kichwa yangu iko inaisha, mwana," alisema. "Siku moja nitaua mutu."

Nikavipokea. Nikamshukuru! Ile asante inanitia aibu kuliko hata uongo wenyewe.

Miaka miwili ilipita ndipo nikapata moyo wa kwenda chumbani kwake. Nilisema yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Nilingoja matusi, na nilikuwa nayastahili. Mzee akamwita mkewe.

"Mama Rozi, kuja usikie! Sikusahau! Siku ile sikusahau!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. Ndipo Mama Rozi akanieleza kwamba kwa miaka yote miwili mumewe hakuwahi kuwasha jiko akiwa peke yake, kwa kuiogopa akili yake mwenyewe.

Basi nisikilize vizuri, mwanangu. Chombo kikipata moto, kata umeme kwanza. Usikimwagie maji, usikiguse, kiache kipoe chenyewe. Na hita ikipasuka ndani ya maji, maji hayo yamwage yote, usiyaonee uchungu. Hayo utayajua hata bila mimi. Ninalokuomba ni hili: ukikosea, sema saa ileile, kabla mtu hajaanza kujiuliza kama kosa ni lake. Mimi nilidhani nimeficha hita iliyopasuka, kumbe nilimnyang'anya mzee imani ya kichwa chake.

Mungu akulinde na umeme na moto, aibariki mikono yako, akupe ulimi wa kukiri mapema. Na kila mzee utakayefanya naye kazi azeeke akiiamini akili yake.