Uwanja Niliomsimulia Mama

Harufu ya ukindu uliochemshwa na rangi, ungali na mvuke, ndiyo iliyoniambia nimefika uwanjani hata nikifumba macho. Uwanja wa kati wa Kibiti ulikuwa ardhi tupu mbele ya maduka, na naapa ulikuwa mpana kiasi kwamba kuku akianza kuuvuka asubuhi angefika ng'ambo ameshataga mara mbili. Baada ya alasiri kina mama walitandika majamvi, wakanyoosha miguu, wakasuka ukili wa mikeka huku wakimchambua kila aliyepita. Mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyekijua Kindengereko kunishinda, alitoka na kigoda chake akakaa katikati yao. Mama alikaa ubavuni mwa shoga yake, Bi Somoe, na alipocheka, nadhani hata watu wa mbali kule Dimani waligeuza shingo.

Nilipofikisha miaka tisa baba alifariki, mama akakaa eda: miezi minne na siku kumi, hatoki. Kila jioni nilipotoka uwanjani aliniketisha mbele yake, mikono ikisuka, akauliza nani kasema nini. Habari zile ndizo zilizokuwa chakula chake. Siku niliyorudi na chache, wali aliusogeza pembeni. Mwezi wa pili wakubwa wa mji wakaugawa uwanja. Kufumba na kufumbua mabati yakasimama, vibanda vikabanana, kina mama wakatawanyika kila mmoja na jamvi lake kwapani. Nikatimka nyumbani nikilia, lakini Bi Somoe akanidaka njiani.

"Weye Mwanaidi, koma hapo hapo! Aliye edani haongezewi msiba. Akikuuliza, mwambie tupo."

"Nimwambie mpo wapi, bibi?"

"Tupo! Mdomo unaotuchosha mchana kutwa, leo umeishiwa?"

Haukuishiwa. Niliwagombanisha kina mama wale, nikawapatanisha, nikaoza mabinti ambao hawajazaliwa. Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Bi Somoe alipokuja kumjulia hali alinithibitishia yote bila kupepesa jicho. Kutunga nilijifunza msimu ule. Masomo ya jioni niliyoyamaliza ukubwani yaliniongezea nukta na mkato tu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale eda ilipoishia. Siku hiyo mama alioga, akavaa kanga mpya, na alasiri akanishika mkono tukatoka. Tukasimama mbele ya mabati. Muuza ndoo akamwuliza, "Karibu mama, nikupe ipi?" Mama alinitazama, kisha akamgeukia Bi Somoe aliyekuja nyuma yetu akihema.

"Tangu lini?"

"Tulikuonea huruma, shoga yangu."

"Mume wangu alipokufa mliniambia saa ileile. Hili mmenichezea miezi miwili."

Hakunipiga, heri angenipiga. Tangu siku ile alisuka peke yake uani, na kila nilipomletea habari, hata ya kweli kama jua, alisema taratibu, "Basi, mwanangu, basi."

Sasa vibanda vimevunjwa. Wamepanga matofali ya saruji, wameweka mabenchi ya zege na taa za sola, wanasema watu warudi kukutana. Pamependeza, na hapa siongezi chumvi. Ila vijana wamekaa kila mmoja na simu yake, na ukitandika jamvi mlinzi anakuja kukuuliza kibali. Juzi nikamwambia mama, ambaye sasa mgongo wake umepinda lakini vidole bado vinasuka, kwamba uwanja wa kati umerudi.

"Na nani yupo?" akauliza, bila kuinua macho.

Bi Somoe tulishamzika. Mke wa mwenye duka alihamia kwa wanawe, Dar es Salaam. Wengine siwajui waliko. Maneno yalinijaa mdomoni, kama kawaida yangu. Ningeweza kumjazia uwanja mzima kabla maji ya chai hayajachemka.

"Hakuna, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na ukili wake. Ilikuwa habari yangu ya kwanza aliyoiamini tangu nikiwa na miaka tisa.