Kausha na Madoa ya Bampa

Wifi yangu tunamwita Kausha, maana hawezi kuona kitu kimelowa akakiacha. Vijiko, vikombe, migongo ya watoto, vyote atavifuta. Anaosha magari nyuma ya kituo cha mafuta, na ndiye pekee wa ukoo ule aliyebaki upande wangu kaka yake aliponikimbia na mwanamke mwenye kucha ndefu kuliko akili. Bwana yule alibeba vyote, akaniachia gari kuukuu. Nadhani ni kwa kuwa siku hiyo lilikataa kuwaka.

Wiki ya harusi ya binti yangu nililiosha mwenyewe kwa maji ya kisima, nikaliacha juani. Plastiki nyeusi za bampa na milango zikajaa madoa meupe. Nikajifanya fundi, nikapaka mafuta ya kupikia. Liling'aa, nikacheka peke yangu. Asubuhi vumbi lote la mtaa lilikuwa limenasa, na madoa yako pale pale.

Binti akachungulia dirishani. "Mama, nakupenda, lakini siendi harusini na gari lenye ukurutu. Baba anakuja na lake jipya."

Nimlee mimi, ampeleke yeye? Nikamwita Kausha.

Alikuja na ndoo, siki na mswaki mkuukuu. Akagusa bampa, akanusa kidole.

"Wifi, ulitaka kuliosha au kulikaanga?"

"Fanya kazi, matusi baadaye."

Tukalisukuma kivulini. Akaondoa mafuta kwa sabuni, akachanganya siki na maji nusu kwa nusu, akalaza kitambaa kilicholowa juu ya madoa. Kisha akasugua mifereji ya plastiki kwa mswaki, akasuuza, na papo hapo akafuta.

"Usiyaache maji ya kisima yajikaushe. Yenyewe yanaondoka, chumvi inabaki."

"Kama kaka yako."

"Kaka yangu hakukuachia hata chumvi."

Siku ya harusi magari mawili yalisimama mlangoni, Kausha kwenye usukani wa letu. Binti akapitisha kidole kwenye bampa, akakitazama, akaingia kwenye gari letu.

"Mama, linanuka saladi."

"Kaa hivyo hivyo."

Baba yake, katoka kuosha gari lake muda huo huo, akateremsha kioo. "Na mimi je?"

"Tufuate nyuma, kaka," Kausha akamrushia kitambaa. "Lakini futa kwanza hiyo milango, inadondosha maji."

Gari letu likawaka mara moja. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma nilimwona na suti yake, ameinama, anafuta.