Zawadi ya Sungura kwa Daktari wa Magoti

Ninyi mliobaki Uvira kila mara mnaniuliza mama anaendeleaje. Basi ngoja niwasimulie safari yangu ya Mbarara, maana jibu limo humo humo, pamoja na sungura.

Mama mnamfahamu, ni mtu wa jembe. Hapa kambini Nakivale tulipata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, naye akakilima mpaka majirani wakawa wanapitia kwetu ili kukitazama tu. Kisha magoti yakaanza kumsumbua. Kwenye kituo cha afya wakamwambia gegedu limelika, yaani ile nyama ngumu nyeupe inayokaa kati ya mfupa na mfupa. Wakampa vidonge vya maumivu, wakamshauri atembee kidogo kidogo. Atembee! Mama aliwatazama kama watu waliokosa adabu. Halafu siku moja redio ikasema kwamba Mbarara kuna wataalamu wanaojaribu dawa ya magoti kwa sungura. Mama akavuta kiti chake mlangoni, akakaa, akatangaza: "Siamuki hapa mpaka ile dawa ifike. Kama banatunza magoti ya sungura, mimi nashindwa na sungura?"

Nilidhani anatania. Wiki zikapita, mama hatoki nje. Jembe likashika kutu na magugu yakafunika maharage yote. Miguu yake ikaanza kukonda. Niliogopa, nawaambia kweli. Nimewaona wazee hapa kambini waliokaa kwenye kiti namna hiyo na hawakusimama tena. Kwa hiyo nikafunika cherehani yangu, nikawaambia wateja wanisubiri, nikasema nakwenda kuitafuta hiyo dawa mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, nimeshajifunga kitenge kizuri, mama akaniita. "Unaenda kwa munganga mukubwa mikono mitupu? Nani alikukomalisha wewe?"

Malezi yetu mnayajua. Kwetu huendi kumwomba mtu bila kubeba kitu. Nikafikiri atanipa mayai, au ndizi. Wapi! Akanyoosha fimbo kuelekea banda la sungura. "Beba ule mweusi, ana nguvu mingi. Kule kazi yao ni ya sungura, si batafurahi?"

"Mama, nitaingiaje mjini na sungura?"

"Na kikapu."

Haya, nikambeba.

Kutoka Base Camp hadi barabara ya lami nilipanda pikipiki. Dereva alikuwa kijana wa Isingiro, mcheshi, na kikapu kilikuwa kinaruka magotini mwangu. "Nyabo," akaniita, kama wanavyomwita mama huku, "hiyo kitu ndani inacheza ni nini?"

"Zawadi ya daktari."

"Daktari ya watu ama ya wanyama?"

"Daktari wa magoti."

Alicheka hadi pikipiki ikayumba, nikampiga begani nikamwambia atazame mbele, mimi sina gegedu la kupoteza. Vilima vya migomba vilikuwa bado na ukungu na baridi ilikuwa kali. Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa sijatoka kambini kwa muda mrefu.

Kwenye lami nikapata lori la matoke lililokuwa linakwenda Mbarara, dereva akaniweka mbele. Kaberebere tukasimama ili aongeze mikungu. Nikashuka, nikaagiza chai na chapati kwenye kibanda, kikapu nikakiweka chini kando ya mama muuza mboga. Kosa langu! Sijamaliza hata nusu kikombe, nikasikia ukelele: "Banange! Nyabo, mnyama yako inakula dodo yangu!" Dodo ndiyo lenga-lenga yetu, yaani mchicha. Yule mnyama alikuwa ametoa kichwa kando ya kifuniko na kutafuna karibu fungu zima, tena bila haraka. Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Yule mama akawa anafuta machozi ya kicheko. Akayachukua majani yaliyobaki akayatia kikapuni. "Maliza tu, bwana sungura. Safari ni mrefu."

Mbarara tukaingia adhana ya adhuhuri ikisikika. Sikieni, mji umekua! Pikipiki zinapita kila upande, maduka ya vitambaa yamefuatana, na mimi fundi wa kushona, macho yangu yakanisaliti. Nilishika kitambaa hiki, nikashika kile, mpaka muuzaji mmoja mwenye kofia ya kiua akaniuliza, "Dada, unanunua ama unasalimia nguo?" Nikamweleza shida yangu. Akanielekeza vizuri mpaka lango la maabara ya wale wataalamu wa redioni.

Langoni askari akanisimamisha. "Wewe mama, uingie. Hiyo sungura haiingii."

"Lakini huko ndani si mna sungura?"

"Iko mingi. Ya nje haiingii. Ni amri."

Tukabishana pale, yeye na amri yake, mimi na kikapu changu, mpaka akachoka akapiga simu. Akatoka mwanamke wa makamo, koti jeupe juu na hijabu ya kijani kichwani. Akajitambulisha kuwa ni Daktari Hadija. Ni mtoto wa wafanyabiashara wa pale pale mjini, ila mama yake ni wa Bukoba, kwa hiyo Kiswahili chake kilinitia wivu. Tukakaa kwenye benchi la sementi nje ya lango, kikapu katikati yetu, nikamweleza kila kitu: magoti, redio, kiti cha mlangoni. Nikamaliza kwa kumwomba anipe dawa, hata kidogo tu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwilini mna vitu vidogo sana vinavyoitwa vimeng'enya. Kazi ya baadhi yavyo ni kukata gegedu lililochakaa ili jipya lipate nafasi. Kwa mama yako vimezidisha, vinakata tu bila kuacha. Sisi tunajaribu dawa ya kuvizuia."

"Na inavizuia?"

"Hapo ndipo sijui." Akanieleza kazi yao. Sungura wanalazwa kwa dawa ya usingizi, wanakatwa ukano mmoja wa goti, ile kamba inayoshika mifupa, ili gegedu lianze kulika kama la mgonjwa. Wanapewa dawa ya maumivu, na kuna kamati inayowakagua wataalamu wasiwatese wanyama. Baadaye wengine wanadungwa dawa gotini, na wengine maji ya chumvi tu. "Chupa zote zinafanana. Mwenzangu mmoja ndiye anayejua ipi ni ipi, na nimemkataza asiniambie. Nikijua, jicho langu litawapendelea wa dawa."

Nikashangaa. "Wewe mkubwa wa kazi, hujui?"

"Sijui. Sasa nikikupa chupa leo, dada, nitakuwa nimekupa nini? Pengine ni chumvi. Na hata ikiwa dawa, haijawahi kuingia kwenye goti la mtu."

Nikauliza mwisho wa wale sungura. Hakunidanganya. Wanalazwa usingizi wasioamka, maana hakuna njia nyingine ya kulitazama gegedu lao vizuri. Nikajikuta nimeweka mkono juu ya kikapu. Niliwahurumia, na papo hapo nilikuwa naitamani dawa yao. Yote mawili yalikuwamo moyoni.

"Mama yako asingoje dawa," akasema. "Goti linahitaji paja lenye nguvu. Kiti kitamwangusha kabla ya ugonjwa."

Nikainuka, nikamkabidhi kikapu. Akakiangalia. Sungura mgeni angeweza kuwaletea wengine maradhi, kwa hiyo hakuweza kumwingiza. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa. Alimtoa sungura wangu, akamkumbatia, akamkuna masikio, akasema, "Nimepokea. Mwambie mama nimeshukuru sana. Sasa huyu ni wangu, sivyo?"

"Ni wako."

"Basi na mimi namtumia mama yako. Ni zawadi yangu kwake." Akamrudisha kikapuni. Askari akapiga makofi.

Jioni, kwenye tekisi ya kurudi, sikuwa na kicheko tena. Nilikuwa nakwenda kumwambia mama hakuna dawa, na nilijua ameapa nini. Giza lilikuwa linaingia nilipofika. Mama yuko pale pale mlangoni, anaangalia mikono yangu.

Nikamweleza yote, hata zile chupa zinazofanana. Akauliza swali moja tu: "Na wale ba maji ya chumvi, banajua kama ni maji?"

"Hawajui, mama."

"Masikini." Nikaweka kikapu miguuni pake, nikasema daktari amepokea, naye amemtumia zawadi. Mama akafungua kifuniko, akamtazama yule mweusi kwa muda mrefu kama hajawahi kumwona. Nililala na uzito moyoni.

Asubuhi nikaamka nikakuta kiti kitupu. Nikatoka mbio, nikazunguka nyumba. Mama alikuwa shambani, kwenye magugu yake, fimbo mkono mmoja na mundu mkono wa pili, anakata majani. Aliinama kidogo, akapumzika, akasogea hatua, akakata tena.

"Mama! Si ungemwambia mtu akukatie?"

"Watoto banachanganya na majani mubaya. Huyu ni sungura ya munganga. Alale njaa kwangu? Aibu hiyo ije isikike Mbarara!"

Toka siku hiyo anakwenda kila asubuhi, na sasa anafika mpaka fasi ya mwisho wa shamba, kwenye mtaro. Sehemu yote aliyoifyeka ameshaipanda maharage upya. Mimi niliiendea dawa nikarudi bila dawa, na nimejifunza kumheshimu mtu anayesema sijui. Dawa ya Daktari Hadija ikija, mama atakuwa wa kwanza kwenye foleni, na atafika pale kwa miguu yake.

Juzi nilimuuliza kama goti bado linamuuma. Akaegemea fimbo, fungu la majani kwapani.

"Linauma," akasema. "Lakini huyu anakula mingi."