Nusu ya Kichwa Changu na Masharti ya Klabu

Nikisema kwamba Rumonge nzima ilinicheka mtadhani natia chumvi, basi niwaambie tu: padri alicheka, imamu alicheka (yeye kwa adabu, akijificha nyuma ya mgongo wa mtu), na mama yangu, ambaye ndiye aliyenizaa na kichwa hiki, alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga akapiga mapaja. Na mimi ni mtu ambaye darasani nikiulizwa jina langu natazama kwanza miguu yangu, kama vile jina limeandikwa huko. Ndiyo maana naandika. Kusimulia kwa mdomo siwezi, na wale wanaonisimulia wanaongeza yao (Feruzi wa klabu yetu anasema sikuwa na suruali, suruali ilikuwepo, Mungu shahidi yangu).

Mambo yote yalianzia kwenye wembamba. Shuleni wananiita Ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, ambao mtu anawabugia kumi kwa tonge moja na bado anauliza chakula kiko wapi. Sasa Uhuru ulikuwa unakaribia kutimiza mwaka, mji unajiandaa kwa sikukuu, na ikatangazwa kwamba klabu mbili za mazoezi za hapa Rumonge zitavutana kamba mbele ya watu wote, zawadi mbuzi. Mimi mbuzi sikumtaka. Nilitaka kushika ile kamba. Nilitaka wanione siku moja tu nimesimama kati ya wanaume, waseme kumbe Ndagala naye ana mikono. Lakini kushika kamba lazima uwe mwanachama, na ndipo nikaanza kuzunguka kuulizia masharti kama mtu anayetafuta mke.

Klabu ya kwanza iko nyuma ya maduka makubwa. Ukumbi safi, kioo kirefu ukutani, vyuma vya kweli vilivyotoka Ulaya. Anselme, tunayesoma naye darasa moja, ni mwanachama pale na haachi tusahau jambo hilo. Katibu wao alinipokea akiwa amekaa, akanieleza: unalipa kila mwezi, ukose usikose mazoezi unalipa, unavaa viatu vyeupe vya turubai, na mwanachama atakayeitia klabu aibu anatolewa siku hiyohiyo. Nikajikaza nikauliza kwa sauti ya mbu kama wanafunzi wanapunguziwa. Akanitazama kutoka juu mpaka chini (safari fupi), akasema:

"Kwako tungeweza kukupunguzia nusu, kijana, maana hata mwili wenyewe iko nusu."

Anselme alicheka mbele ya kioo, kwa hiyo nikaona Anselme wawili wananicheka.

Klabu ya pili ni ya Mzee Bilali, uani kwenye kinu cha mawese, njia ya kwenda ziwani. Mzee Bilali alipiga kasia tangu ujana wake, anavuka kwenda Kongo na kurudi, na mabega yake mpaka leo ni kama milango. Pale hakuna kioo. Kuna ekseli ya lori lililokufa, imetiwa magurudumu ya saruji huku na huku, kuna mawe ya ziwani ya kila ukubwa, na kuna kamba nene iliyofungwa kwenye kisiki. Masharti yake aliyataja huku anatafuna muhogo.

"La kwanza, hela hatutaki. Kabla ya mazoezi unazungusha kinu cha mama wa mawese, ndiyo malipo ya uwanja. La pili, debe la hatari likilia ziwani, unakuja ulivyo. La tatu, aibu ya mmoja ni ya wote. Umesikia, mwanangu?"

Nikasema nimesikia. Nyumbani nikayapima usiku ule kama mtu anavyopima samaki sokoni, namgeuza huku namgeuza kule. Papa, yaani baba yangu, ambaye ni fundi cherehani na hapendi maneno mengi, akaniambia bila kuinua macho kwenye mshono: "Kitu cha bure, uliza kwanza mkia wake uko wapi." Sikuuliza. Niliona sharti lenye uzito ni lile la kinu tu, kwa kuwa ndilo lenye jasho, na hayo mawili mengine nikayachukulia kama chumvi ambayo wazee hutia kwenye maneno yao ili yasioze. Asubuhi nikajiunga.

Kinu nilikizungusha. Mikono yangu ikanuka mawese mpaka Anselme akawa ananiona mlangoni mwa darasa anasema, "Leteni wali, mchuzi umefika!" Lakini kimsuli kimoja kikatokea mkononi, kidogo kama karanga, nami nikawa nakishika-shika chini ya meza wakati wa hesabu. Sikukuu ikasogea, Mzee Bilali akapanga watu wake wa kamba, wote majitu, Feruzi mbele. Ikabaki nafasi ya mkia, yaani yule wa mwisho kabisa anayejifunga kamba kiunoni na kuwa nanga ya wenzake. "Mkia bado namtafutia mtu," akasema, na macho yake yakanipita juu kama mtu anayetazama ng'ambo ya ziwa.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo. Siku moja kabla ya sikukuu nikasema, ngoja ninyoe. Labda nikionekana mtu nadhifu Mzee ataniona. Nikaenda kwa Sadiki kinyozi, ambaye anafanya kazi barazani kwake na ana tabia moja: akipata habari tamu, wembe unasimama hewani. Akanifunga shingoni kitambaa cha mkewe chenye maua mekundu, akanipaka sabuni, akanyoa upande wa kulia ukawa unang'aa kama yai. Upande wa kushoto msitu ulivyo. Hapo akakumbuka habari ya shemeji yake, wembe ukasimama hewani, na kabla habari haijafika mwisho nikasikia upande wa ziwani: debe! Debe! Debe!

Nilitaka kufa. Nikamwambia, "Malizia haraka, yaya Sadiki, kaka yangu!"

"Kichwa hakinyolewi haraka, kinakatwa," akasema.

Ningeweza kukaa. Nani angejua? Lakini nilijiona nimeshasimama, maneno ya Mzee Bilali yananisukuma mgongoni (unakuja ulivyo, unakuja ulivyo), nikatoka mbio. Sadiki nyuma yangu anapiga kelele, "Kitambaa cha mke wangu! Weye!" Nikaona afadhali nikitumie kitambaa hicho, nikakivua shingoni nikajifunga kichwani kama kilemba, na hapo ndipo aibu ilipozaa watoto, kwa sababu bibi mmoja aliyekuwa anageuza ndagala zake juani aliniona kwa mbali akaniita:

"We binti! Hauna haya, unakimbia hivyo mbele ya wanaume? Kuja unisaidie kubeba hii kitunga!"

"Mimi si binti, bibi!"

"Na sauti imekauka! Mutoto huyu anaumwa!"

Na mbele kidogo, ni nani? Shule yetu nzima, imepangwa mistari chini ya bendera mpya, inafanya mazoezi ya wimbo wa kesho, na njia ya kwenda ufukweni inapita katikati yao. Nikapita. Wimbo ukafia njiani, mstari kwa mstari kadiri nilivyokuwa nawapita. Anselme akapaza sauti: "Jamani, Ndagala ameolewa!"

Ufukweni sikuona tena kichekesho. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeamka kutoka kusini, mawimbi meupe, na mtumbwi mkubwa wa mbao ulioleta waimbaji kutoka Kabonga, wanawake peke yao na ngoma zao, mashine yake ilikuwa imezimika na wimbi linausukuma kwenye mawe. Mvuvi mmoja alikuwa ameogelea na kamba mpaka nchi kavu. Watu wa klabu wameshaishika, na mtumbwini wanawake wamesimama wote, wanalia, wanaita Mungu kwa lugha zote, huku nahodha anawapigia kelele, "Kaeni! Tutapinduka! Kaeni!" Hakuna aliyekaa. Kila wimbi chombo kinalala upande.

"Anayefika mwisho anashika mkia!" akaguta Mzee Bilali bila kugeuka. Wa mwisho nilikuwa mimi. Nikajifunga kamba kiunoni, nikachimba visigino kwenye mchanga, nikalala nyuma. Na upepo, ambao nadhani ulikuwa unanisubiri mimi tu, ukachukua kitambaa cha mke wa Sadiki ukakipeleka juu, kikaenda kikipunga maua yake juu ya umati.

Nikabaki na kichwa changu. Nusu yai lenye povu, nusu msitu, nyuma kabisa ya majitu yote, kwenye mchanga wa juu ambapo kila mtu ananiona. Halafu mtumbwini mwanamke mmoja mnene aliyekuwa analia kuliko wote akanyoosha kidole, akasema kitu kwa jirani yake, na akacheka. Jirani akacheka. Mkicheka kweli miguu inalegea, mnajua wenyewe. Wakaanza kukaa mmoja mmoja, wakaegemeana, wakashika mbavu, na chombo kikatulia kikakaa sawa kwenye maji. "Hivyohivyo!" nahodha akaita. "Muangalieni huyo huyo! Msimuache!" Mzee Bilali akatoa wito wa wapiga makasia, tukavuta, tukavuta, mikono yangu ya mawese ikawaka moto, na mtumbwi ukaja ukapita pembeni ya mawe na kugonga mchanga. Hakuna aliyelowa zaidi ya magoti.

Mngedhani nilifurahi. Nilikimbia. Mama nilimuona pale amekaa chini anafuta machozi ya kicheko, nikampita, nikaingia nyumbani, nikachukua wembe wa Papa nikamaliza mwenyewe upande uliobaki, nikajikata mara kadhaa, lakini nikawa na kichwa kimoja. Nikaapa kwamba kesho hakuna mtu atakayenijua.

Na kweli hawakunijua! Siku ya sikukuu nilifika uwanjani kipara kitupu, shati jeupe alilonishonea Papa, nikawatafuta wenzangu, nikawaona. Feruzi: nusu kichwa. Wale majitu wote: nusu kichwa, kulia yai, kushoto msitu. Hata Mzee Bilali, ambaye alikuwa na mvi chache tu za thamani, alikuwa amezitoa upande mmoja. Sadiki alikuwa amewanyoa asubuhi bure. Wanawake wa Kabonga walikuwa wamemzunguka Feruzi wanampigia vigelegele, wanaimba "Nusu Kichwa, mwokozi wetu," naye (mnafiki!) anainamisha shingo kama bwana harusi.

Mzee Bilali akaniona.

"Sharti la tatu ni lipi, mwanangu?"

"Aibu ya mmoja ni ya wote, Mzee."

"Sisi tumeivaa. Weye umeivua."

Mbele ya watu wote. Nikatazama miguu yangu. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoikusudia, "Nywele siwezi kuzirudisha, Mzee. Nipakeni masizi!"

Walicheka, lakini Feruzi alikwenda mbio, akarudi na masizi ya sufuria kubwa la mawese, akanipaka upande wa kushoto kuanzia paji mpaka kisogo. Yule mwanamke mnene akanisogelea, akanishika kidevu, akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto. "Ndiye huyu!" akapiga kelele. "Na yule mrefu ni mwongo! Wanawake, wimbo huku!" Feruzi akabaki peke yake na shingo yake ya bwana harusi.

"Mkia," akasema Mzee Bilali, na kwa mkono wake mwenyewe akanifunga kamba kiunoni.

Wenzetu wa ukumbi wa kioo walijipanga wakiwa wazuri kweli, viatu vyeupe vitupu, na walituvuta kwanza, tukateleza mpaka nikaona mstari uko karibu na vidole vyangu. Masizi na jasho vikaniteremkia machoni na kwenye shati jipya. Lakini miguu yetu ilikuwa peku, inaijua ardhi ile, na wao nikawaona wanachungulia chini kila wanapokanyaga vumbi. Wanawake wa Kabonga wakaanza ngoma, "Nusu Kichwa, lala! Nusu Kichwa, lala!" nami nikalala nyuma mpaka nikaona mbingu tupu. Wakaja. Walikuja wote kwa pamoja, viatu vyeupe vikilima mchanga, na Anselme akaanguka magoti upande wetu wa mstari.

Sikumbuki nani alinibeba. Nakumbuka nilikuwa juu, na Papa alikuwa anatazama lile shati lililoharibika kama mtu anayetazama kazi yake bora. Mkia wa kitu cha bure sasa alikuwa ameuona.

Basi nimeapa mambo mawili. Kwa kinyozi siendi tena mkesha wa sikukuu, hata nywele zifike magotini. Na klabu yoyote nitakayoingia maishani, ya mazoezi au ya uzee, nitauliza kwanza watanifanyia nini siku nikiaibika, halafu ndipo niulize bei.

Jana jioni Anselme alikuja mpaka uani kwenye kinu. Alikuwa amevua vile viatu, amevishika mkononi. Akasimama pembeni akajifanya anatazama ekseli, mwisho akaniuliza, mimi, siyo Mzee Bilali, kama kwetu kuna nafasi na mtu anaanzia wapi.

Kwa mara ya kwanza sikutazama miguu yangu.

"Unaanzia kwa Sadiki," nikamwambia. "Mwambie akunyoe nusu."